Hasira na Hamu: Maneno Yaliyovuka Bahari



Nimetakiwa nizungumze juu ya suala hili: je, binadamu wote huhisi namna moja, au kila watu wana moyo wao?

Wataalamu wamevutana. Mwaka 1967 Mmarekani Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea kwa watu wa kabila la Fore. Alipowaonyesha picha za nyuso, waliitambua furaha, huzuni na hasira kama wazitambuavyo Wamarekani, ingawa hofu na mshangao viliwachanganya. Lakini mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walichapisha utafiti wa visiwa vya Trobriand, katika nchi hiyo hiyo: uso ambao Wazungu huuita wa hofu, vijana wa huko waliuona wa mtu anayetisha.

Mimi umri wangu umeishia kwenye majalada ya serikali, si maabara. Ushahidi wangu uko nyumbani. Neno hasira tumelipata kwa Waarabu, na kwao hasra ni majuto na masikitiko. Hamu nayo, kwao hamm ni dhiki ya moyo. Sisi watu wa pwani tukaigeuza shauku.

Sasa zitazameni nyumba zetu, tangu jamaa walipoanza kurejea Oman baada ya mwaka 1970. Bibi aliyebaki Unguja anampigia simu mjukuu aliyezaliwa Muscat: "Nina hamu nawe, mwanangu." Kijana, aliyesomeshwa kwa Kiarabu, anasikia kwamba bibi ana dhiki na sababu ni yeye. Ananyamaza. Bibi naye ananyamaza, akidhani hapendwi. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na hayachekeshi kama yanavyosimuliwa.

Naamini moyo wa bibi na wa mjukuu ni mmoja. Hata hivyo siafiki wasemao kuwa tofauti ni ya maneno tu, kwani jina la hisia ndilo limwambialo mtu la kufanya: mwenye shauku hutembelewa, mwenye dhiki huachwa apumzike.

Kwa hiyo naomba, baada ya chakula, kila mzee akae na kijana mmoja wafasiriane. Wajukuu wangu wameshachagua neno lao la kwanza: uchungu, lisilo na asili ya Kiarabu hata kidogo, nalo ni la dawa, la uzazi na la msiba.