Sukari Isiyopimwa: Chanjo ya Korona Katika Machimbo ya Shinyanga na Geita



Historia ya korona nchini mnaijua. Mnakumbuka onyo dhidi ya chanjo lililotolewa Chato Januari 2021, na mnakumbuka Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa tarehe 28 Julai mwaka huohuo. Sitairudia. Kilichonisimamisha hapa ni hoja ninayoisikia kwa wasomi wenzetu: kwamba kuwaweka wenye kisukari katika kundi la kwanza la kuchanjwa, pamoja na watumishi wa afya na waliofikisha miaka 50, kulikuwa kunakili orodha ya Ulaya. Wanasema watu wa huku hulima, huchimba, hula ugali na michembe. Kisukari ni cha matajiri wa mjini.

Hoja hiyo ina chimbuko, nalo ni utafiti ninaouenzi kuliko mwingine wowote uliofanyika nchini. Mwaka 1989 Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya vijiji 6 vya Tanzania. Hebu ifikirieni kazi yenyewe: wanakijiji zaidi ya 6,000 waamke bila kula, wanywe maji yaliyokorogwa gramu 75 za glukosi, wakae saa 2, kisha watolewe damu.  Kila mmoja alipimwa. Waliokutwa nacho walikuwa asilimia 0.87. Tarakimu hiyo hunukuliwa mpaka leo, na wanaoinukuu huiruka ya jirani yake: asilimia 7.8 walikuwa na miili iliyokwisha kushindwa kuishusha sukari inavyopaswa, ingawa hawakuwa wamefikia kuitwa wagonjwa. Hao walikuwa katika hatari ya kuufikia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Pale Mwanza, watafiti waliowalinganisha wagonjwa wa kifua kikuu na majirani zao wasio nacho walikuta kisukari kwa asilimia 16.7 ya wagonjwa na asilimia 9.4 ya majirani. Nasi tunaishi palipo na makarasha, vumbi la mawe na kifua kikuu. Anayesimama juu ya 0.87 leo anaisemea nchi ya 1989, tena nusu yake.

Hatari yenyewe haina ubishi mkubwa. Uingereza, katika miezi ya mwanzo ya janga, theluthi ya waliofia hospitalini kwa korona walikuwa na kisukari. Ni kweli wengi walikuwa wazee. Lakini hata umri ulipozingatiwa, mwenye kisukari aina ya pili alibaki na hatari ya kufa karibu mara mbili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za nchi 13 za Afrika: wagonjwa wa korona wenye kisukari walikufa kwa asilimia 10.2, wagonjwa wote kwa ujumla asilimia 2.5.

Wapo wanaosema chanjo yenyewe hupandisha sukari. Inaweza kupanda kidogo kwa siku chache, kama inavyopanda kwa homa yoyote. Mwenye insulini apime mara nyingi zaidi siku hizo. Korona huipandisha zaidi sana, na deksamethasoni inayomwokoa mgonjwa mahututi huiongeza juu ya hapo. Anayekwepa chanjo kwa kuiogopa sukari anaikimbilia sukari yenyewe.

Niliwahi kukaa na mchenjuaji mmoja nje ya Geita, kijana wa miaka thelathini na kitu. Alivua gambuti nikaona kidole gumba cha mguu kimevimba, kidonda cheupe pembeni, hakimuumi. "Zebaki hiyo, daktari," akaniambia. Nilimchoma kidoleni, tukasubiri: milimoli 22 kwa lita. Nikamuuliza kama alichanja korona. Akasema wachanjaji walipita machimboni wakitafuta wazee na wenye magonjwa ya kudumu, naye hakuwa mzee wala mgonjwa.

Hapo ndipo orodha ilipopwaya, wala si kwa sababu ilitoka Ulaya. Ilimtaka mtu ajitambulishe kwa ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kumpima. Machimboni wengi hawajafika miaka 50, kwa hiyo mlango wao pekee ulikuwa kujua hali yao. Baadaye chanjo ilifunguliwa kwa kila mwenye miaka 18 na zaidi, lakini kijana yule alikuwa ameshajiondoa mwenyewe katika hesabu ya walio hatarini.

Wenzangu wa bohari za dawa hunijibu kwamba vijiti vya kupimia sukari haviwatoshi hata wagonjwa wanaojulikana, na kwamba foleni ya chanjo ikirefuka watu huondoka. Yote mawili ni kweli, nimeyaona. Bado nasema meza ya chanjo, ya korona au ya ugonjwa utakaofuata, ikiwekwa Nyarugusu, Rwamgasa au Kahama, kipimo cha sukari kiwe juu ya meza hiyohiyo, na kitumike kabla ya mtu kuulizwa kama ni mgonjwa.