Neno la Kwaya Siku ya Jubilii



Leo tunashangilia, lakini tuna jambo la kukiri. Mwaka wa 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, Hole, Chilson na Hotchkiss, walifika Kaimosi. Walikuwa wageni wa lugha. Wenyeji ndio waliowasaidia kusema na watu.

Je, sisi? Mmisionari aliyekuja kwetu tulimpokea kwa nyimbo na kuku, kisha tukamkabidhi barua: kinanda, mabati, sare. Akaugua malaria peke yake nyumbani, nasi tukingoja jibu la barua. Mpaka leo linatuuma.

Basi tumekubaliana. Akija mwingine, hakuna barua. Mama zetu watamfundisha Lubukusu. Wakati wa mavuno tutampelekea debe la mahindi, na vijana wa bodaboda watamtembeza soko la Kamukuywa mpaka ajue bei (na asiuziwe kwa bei ya mzungu!). Akikosea, ataambiwa kwa heshima, si kusengenywa jikoni. Akiugua, tutalala kwake kwa zamu.

Fungu la kumi la sadaka ya leo tunaliwekea kazi hiyo. Sare mpya zitangoja.