Uchafu wa Nairobi, Maji ya Makueni

Msikilizaji, tuutazame Mto Nairobi, na hasa kule unakokwenda. Ukishapokea maji ya mito ya Mathare na Ngong, hauishii jijini. Unaingia Mto Athi, unashuka Ukambani, unaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo kinachomwagwa mtaa wa Mukuru jijini leo hakimhusu mkazi wa Mukuru peke yake. Kuna mkulima huko chini anayemwagilia sukuma wiki maji hayo hayo, na mboga zenyewe huenda zikarudi sokoni Nairobi.

Uchafu unatoka wapi? Ni mabomba ya majitaka yaliyopasuka, mitaa isiyo na mabomba kabisa, baadhi ya viwanda, na jaa la Dandora, lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea malori.

Sasa, wapo wanaosema: waondoeni wanaoishi kandokando ya mto. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Hoja ina uzito, mafuriko huua. Lakini kwa upande wa pili, aliyebomolewa nyumba hana kiwanda. Mimi naona tumeanza na mnyonge kwa sababu ndiye rahisi kumfikia.

Tena, kuna hili: bwawa la Thwake, linalojengwa Makueni kwa mabilioni ya shilingi, litakinga maji ya Athi ili watu wanywe. Je, gharama ya kuyasafisha atailipa nani: aliyeyachafua, au atakayeyanywa?