Msimamizi wa Nyumba ya Umma



Baraza la Mji likijenga ofisi mpya ya Idara ya Ujenzi, sisi tulipao kodi ndio wenye nyumba. Basi na tuulize mapema: ni nani atakayeisimamia kazi hiyo?

Tusimchanganye na kontrakta. Kontrakta hutafuta faida yake. Msimamizi huajiriwa na Baraza ili awe jicho letu. Yeye ndiye wa kukagua saruji na kokoto, kuhesabu nondo kabla hazijamwagiwa zege, na kukataa hati ya malipo ikiwa kazi haijafanyika. Zege likishakauka, aibu yote imefukiwa ndani. Kwa hiyo aajiriwe kabla kontrakta hajachaguliwa, na mshahara wake usitoke mfukoni mwa yule anayemchunga.

Sababu tunayo. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka Dar es Salaam likaua watu 36.

Nchi yetu ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kumtafuta mjuzi katika daftari lake si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumwambia mjomba, au mwanachama mwenzetu asiye na ujuzi: "Hapana."

Hapo ndipo chama chetu kitakapopimwa. Wazee wetu waliodai kujitawala hawakudai vyeo vya kugawiana. Nyumba ya wakaguzi wa nyumba za mji haiwezi kusimama juu ya upendeleo.

Uhuru na Kazi!