Gharama ya Kuacha: Namna Akili Inavyodhibiti Mpito Kutoka Kazi Moja Hadi Nyingine

Katika saikolojia ya utambuzi, yaani tawi linalochunguza jinsi akili inavyopokea, inavyohifadhi na inavyotumia taarifa, neno "kazi" halina maana ya ajira wala ya shughuli ya kutwa nzima, bali hutumika kwa tendo dogo lenye kanuni yake, kama vile kusoma neno, kutaja rangi, kujumlisha namba mbili au kuamua kama herufi ni irabu au konsonanti. Kila kazi ya namna hiyo huitaka akili ijipange: iamue izingatie sehemu gani ya kile kinachoonekana, itumie kanuni ipi na itoe jibu la aina gani. Kujipanga huko, ambako katika mada hii kutaitwa mpangilio wa kazi, ndiko kunakopaswa kubadilishwa kila mtu anapohama kutoka kazi moja hadi nyingine, na mabadiliko hayo hayafanyiki bure. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu kubwa ya gharama yake hailipwi katika kuianza kazi mpya, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali katika kuachana na ile iliyotangulia.

Wazungumzaji wa Kiswahili wanao mfano wa kazi mbili zinazogombea kitu kimoja, nao ni wa kila siku kiasi kwamba haumshangazi tena mtu yeyote: saa ya ukutani. Asubuhi mshale mfupi ukielekea kwenye 7, kwa Kiswahili ni saa moja, kwa kuwa saa za mchana huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, ilhali kwa Kiingereza namba husomwa kama ilivyoandikwa. Aliyeizoea saa ya mishale hana haja ya kutoa sita. Huweza kuitazama namba iliyo upande wa pili wa duara, mkabala na mshale, akalipata jibu, ujanja usiowezekana kwenye simu inayoonyesha tarakimu tupu. Kichocheo, yaani kile kinachoiamsha akili itende, ni kimoja, kanuni ni mbili, na majibu yote mawili ni majina ya namba. Mtu aliyeshinda ofisini akisoma nyakati kwa Kiingereza, kisha akamwambia mwenzake kwamba basi lenye tiketi ya 07:30 linaondoka saa saba na nusu, hakukosea kwa kutojua Kiswahili wala hesabu, bali kanuni aliyoitumia kutwa ilikuwa haijaondoka.

Upimaji wa jambo hili ulianza mapema. Mwaka 1927 mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Jersild alilinganisha muda ambao watu waliutumia kumaliza orodha za kazi moja na muda walioutumia kumaliza orodha zilizowataka wabadilishe kazi kwa zamu. Orodha ilipokuwa ya namba tupu, ambazo moja ilitakiwa kujumlishiwa na inayofuata kutolewa, zamu hizo ziliongeza muda kwa kiasi kikubwa. Lakini orodha ilipochanganya namba za kutoa na maneno ya kutajiwa kinyume chake, gharama ilitoweka. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Neno haliwezi kutolewa namba, wala namba haina kinyume kinachojulikana na wote, kwa hiyo kila kichocheo kilijieleza chenyewe kinataka kufanywa nini, na akili haikuwa na kitu cha kugombea. Spector na Biederman walilithibitisha hilo kwa njia nyingine mwaka 1976: alama ya kujumlisha au ya kutoa ilipoandikwa kando ya kila namba, gharama ya zamu ilipungua.

Orodha za Jersild zilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba aliyepewa orodha ya mchanganyiko alilazimika kuzikumbuka kanuni mbili kwa pamoja, hivyo haikuwezekana kutenganisha uzito wa kukumbuka na uzito wa kuhama. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell walikwepa kasoro hiyo kwa mpango ambao kwa urahisi wake unastahili kuelezwa kwa kina. Mraba uligawanywa vyumba vinne, na jozi ya herufi na namba, kwa mfano G7 au A4, ikawa inahama kutoka chumba hadi chumba kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Jozi ikiwa katika vyumba viwili vya juu, mshiriki aliamua kama herufi ni irabu au konsonanti. Ikishuka katika vyumba viwili vya chini, aliamua kama namba ni shufwa au witiri, huku vitufe vya kujibia vikiwa vilevile viwili. Kwa hiyo kila kazi ilifanywa mara mbili mfululizo kabla ya kuachwa, mshiriki alijua daima zamu inayofuata ni ya nini, na mara ya kwanza ingeweza kulinganishwa na ya pili ndani ya orodha ileile. Mara ya kwanza ilichelewa kwa zaidi ya milisekunde 200, yaani zaidi ya moja ya tano ya sekunde, na makosa yaliongezeka.

Kilichowashughulisha zaidi watafiti ni kile kilichotokea washiriki walipopewa nafasi ya kujiandaa. Muda kati ya jibu moja na jozi inayofuata uliporefushwa, gharama ilipungua mpaka maandalizi yalipofikia takriban nusu sekunde, kisha ikagoma kushuka, hata mshiriki alipopewa zaidi ya sekunde nzima. Mabaki hayo, ambayo yanaweza kuitwa gharama masalia, ni ushahidi kwamba nia pekee haitoshi. Mtu anajua kazi inayokuja, ana muda wa kutosha, anataka kuifanya, na bado analipa. Rogers na Monsell walieleza kwamba hatua ya mwisho ya mpangilio mpya hungoja mpaka kichocheo chenyewe kitokee, maelezo ambayo kwa maoni ya mada hii ni ya kweli kwa sehemu tu, kwa kuwa yanaitazama kazi inayokuja na kuisahau inayoondoka.

Kazi inayoondoka ndiyo waliyoishughulikia Alan Allport, Elizabeth Styles na Shulan Hsieh mwaka 1994. Walitumia maneno ya rangi yaliyoandikwa kwa wino wa rangi tofauti, mbinu iliyopewa jina la John Ridley Stroop aliyeieleza mwaka 1935: neno "nyekundu" likiandikwa kwa wino wa kijani, kulisoma ni rahisi, lakini kuutaja wino ni kazi ngumu kwa sababu usomaji hujitokeza bila kuitwa. Ingetarajiwa kwamba kuhamia kazi ngumu ndiko kunakogharimu zaidi. Ikawa kinyume chake, kwa kuwa gharama kubwa ilionekana wakati wa kurudi kwenye usomaji, kazi ambayo kila msomaji huifanya bila kutoa jasho. Ili mtu autaje wino, hulazimika kuukandamiza usomaji kwa nguvu, na ukandamizaji huo hauishi mara tu agizo linapobadilika. Watafiti hao waliazima istilahi ya fizikia wakakiita kitu hicho inesha ya mpangilio wa kazi, kwa maana kwamba mpangilio uliokwisha kuanza huendelea hata baada ya kukatazwa.

Kwa jamii zenye lugha zaidi ya moja matokeo hayo hayako mbali. Renata Meuter na Alan Allport waliwapa watu wenye lugha mbili tarakimu za kutaja mwaka 1999, rangi ya usuli ikiwaonyesha watumie lugha ipi, na kuhamia lugha ya kwanza kukawa kuzito kuliko kuhamia lugha ya pili. Lugha yenye nguvu ilikuwa imefungiwa mlango kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kuufungua kulichukua muda. Hata hivyo kanuni hiyo si ya watu wote, kwani Albert Costa na Mikel Santesteban walionyesha mwaka 2004 kwamba wenye umahiri mkubwa katika Kihispania na Kikatalani walilipa sawa kwa kila upande. Tena Gollan na Ferreira walionyesha mwaka 2009 kwamba hali hubadilika mtu anapoachiwa achague lugha mwenyewe, jambo linaloelekea kueleza kwa nini uchanganyaji wa ndimi katika mazungumzo ya Dar es Salaam au Nairobi hutiririka, ilhali mkalimani mwenye lugha zilezile, anayehamishwa na msemaji na wala si kwa hiari yake, huchoka upesi.

Ushahidi wa moja kwa moja wa ukandamizaji ulitolewa na Ulrich Mayr na Steven Keele mwaka 2000 kwa kutumia kazi tatu badala ya mbili. Kurudi kwenye kazi iliyoachwa punde tu kulikuwa kuzito kuliko kurudi kwenye kazi iliyoachwa zamani kidogo. Kama kuhama kungekuwa ni kuwasha mpangilio mpya tu, kazi ya karibuni ingekuwa na joto bado na ingewaka upesi. Kuchelewa kwake huonyesha kwamba ilizimwa. Uwezo huo wa kuzima hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, kama Brenda Milner alivyoonyesha huko Montreal mwaka 1963 kwa wagonjwa waliotakiwa kupanga kadi kwa rangi, umbo au idadi: waliopoteza sehemu hiyo waliendelea na kanuni ya zamani ingawa kila mara waliambiwa wamekosea. Watoto wa miaka mitatu hufanya vivyo hivyo wakipewa kadi za sungura na mashua. Baada ya kupanga kwa rangi, wakielezwa sasa wapange kwa umbo, wengi huweza kuonyesha kwa kidole mahali pa sungura, kisha wakaiweka kadi kwa rangi.

Hapo ndipo swali la mdhibiti, yaani la nani anayeamua kuhama, linapokuwa gumu. Ni rahisi kusema "akili huamua kuhama", lakini kauli hiyo humweka mtu mdogo ndani ya kichwa cha mtu, naye atahitaji mwingine wa kumwamulia, bila kikomo. Waszak, Hommel na Allport walipunguza mzigo wa mtu huyo mdogo mwaka 2003 walipoonyesha kwamba vichocheo vyenyewe hubeba kumbukumbu ya kazi vilizofanyiwa: neno lililowahi kutumika katika kazi shindani, hata kama ni zamu nyingi zilizopita, lilimchelewesha mshiriki kuliko neno geni. Kwa hiyo sehemu ya udhibiti haiko kwenye nia bali kwenye vitu vilivyotapakaa mbele ya macho. Ikiwa kanuni hiyo huzihusu saa pia, basi tiketi ya 07:30 ikitolewa mfukoni kesho yake, tarakimu zilezile zitamvuta mwenyewe kuelekea saba kabla hajaitafuta moja.