Ramani Yenye Mihuri Myekundu (maneno niliyotoa kwenye kongamano la vijana)

Nimepewa dakika tano, na mada yangu ni sanaa na ukatili dhidi ya wanawake. Naona huko nyuma kuna mtu kashaanza kuchati. Kaka yangu, nipe dakika mbili tu, halafu uamue.

Mwaka 1977, Los Angeles, Marekani, msanii Suzanne Lacy alitundika ramani ya jiji, futi 25, kwenye jengo la maduka karibu na makao makuu ya jiji. Kazi hiyo aliiita Wiki Tatu za Mei. Kila siku alifuata taarifa polisi: wamebakwa wangapi, mitaa gani? Akirudi, anagonga muhuri mwekundu palepale palipotokea. Kisha kila muhuri anauzungushia mingine tisa iliyofifia, kwa ajili ya wale ambao hawakufika polisi kabisa. Pembeni akaweka ramani ya pili: wapi mtu atapata msaada.

Alichukua kilichofungiwa kwenye mafaili akakiweka wanapopita watu na vikapu vyao. Ukitazama, unauona mtaa wako. Hapo huwezi tena kusema "hayo ni mambo ya huko".

Sasa mimi nasoma sheria. Nikiifikiria ile mihuri tisa, najiuliza: kwetu ni nani asiyehesabiwa? Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kwa mabadiliko ya mwaka 1998, kinamtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana. Wakiishi pamoja, kosa hilo halipo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Yaani kofi limekatazwa, lakini kumlazimisha mkeo kitandani siyo ubakaji! Mama huyo hata akifika Dawati la Jinsia, kosa lenyewe halina pa kuandikwa. Hana hata ule muhuri uliofifia.

Tunadai katiba mpya, tunadai tume huru. Sawa kabisa, na mimi nimo. Lakini chama kinachoomba dola kiseme mapema kitakifanya nini kifungu hiki. Kiingie kwenye ilani, siyo kwenye salamu za Siku ya Wanawake.

Na tusisubiri uchaguzi. Wachoraji mpo, wa grafiki mpo. Tuombe takwimu za kila kata, bila jina la mtu yeyote, tuchore ramani yetu, tuiweke sokoni na stendi. Ile ya pili pia, ya msaada, tusiisahau.

La mwisho, na hili litauma. Ukatili hauulizi kadi ya chama. Binti akidhalilishwa na kiongozi wetu, asiambiwe "nyamaza, wapinzani wetu watafurahi". Ramani isiyo na ofisi zetu itakuwa ya uongo.

Muhuri mwekundu nitanunua mimi. Nani analeta ramani?