NCHI JIRANI: MAWE YA KANDO YA BARABARA



Msafiri akipita haraka huona miti na milima tu. Akisimama kidogo, huona mambo asiyoyatarajia. Leo napenda tuzungumze juu ya vitu vya ajabu vilivyosimama kando ya barabara za jirani zetu. Baadhi yake ni vya kuchekesha, na baadhi yake vyatudai fikira nzito.

Tuanze na vya kuchekesha. Huko Nanyuki, nchini Kenya, na huko Kayabwe, katika barabara ya Kampala kwenda Masaka nchini Uganda, pamewekwa alama za Ikweta. Hapo hutokea kijana mwenye beseni lililotobolewa chini na kijiti kinachoelea. Humwonyesha mgeni kwamba kaskazini ya mstari maji huzunguka upande mmoja, kusini huzunguka upande mwingine, na juu ya mstari wenyewe hayazunguki kabisa. Mgeni hushangaa, hulipa, huenda zake. Ukweli ni kwamba mzunguko wa dunia hugeuza pepo na tufani kubwa, lakini ndani ya beseni, hatua chache tu kutoka mstarini, nguvu yake ni ndogo mno. Kinachoyazungusha maji ni jinsi yalivyomiminwa na mkono wa mwenye beseni. Hapana haja ya kumlaumu kijana huyo. Lakini mpelelezi wa polisi apata funzo hapo: kuona kwa macho si kuthibitisha.

Kusini kidogo ya Bujumbura, nchini Burundi, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wako wanaosema kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kwetu, kisha wakasafiri pamoja ziwani Tanganyika na kulala hapo Mugere. Jiwe halisemi uongo. Wanaosema uongo ni wale wasiolisoma vizuri. Hata hivyo, jiwe hilo lina upungufu wake. Wazungu hao hawakupiga makasia wenyewe, wala hawakubeba mizigo yao wenyewe. Waliofanya kazi hiyo hawakuandikwa.

Nchini Kenya tena, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa katika njia ya Nairobi kwenda Naivasha, liko kanisa dogo sana la Mai Mahiu. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kitaliano walioletwa kufanya kazi ya barabara. Madereva wengi hupita bila kugeuza shingo. Lakini askari hana budi kulitazama kwa jicho lake, maana lamkumbusha kwamba adui aliyekwisha kuweka silaha chini ni mtu, ana imani yake na ufundi wake, na mikono yake yaweza kuacha kitu chema katika nchi ya ugenini.

Sasa twende Zambia, maana huko ndiko ninakotaka kuwafikisha. Katika barabara ya Mpika kwenda Kasama, karibu na daraja la mto Chambeshi, upo mnara wenye mzinga wa zamani. Ni mahali pa ajabu kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza Ulaya, ilimalizikia hapo, porini mwa Afrika. Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa sahihi Ufaransa tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, likiongozwa na Jenerali von Lettow-Vorbeck, halikuwa na simu wala njia ya kupata habari kutoka kwao. Likaendelea na vita. Habari ilimfikia jenerali hapo Chambeshi tarehe 14 Novemba, na tarehe 25 askari wake wakasalimisha silaha katika mji ambao leo huitwa Mbala.

Ndugu wapiganaji, fikirini juu ya siku hizo tatu. Askari aliyeuawa baada ya tarehe 11 alikufa katika vita vilivyokwisha kumalizika. Kazi ya mpeleka habari jeshini si ndogo. Ujumbe ukichelewa, damu humwagika bure.

Mnara huo unataja jina la jenerali na jina la mtawala wa Kiingereza aliyemletea habari. Lakini jeshi la pande zote mbili lilitembea juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mjini Nairobi, katika ukumbusho uliojengwa mwaka 1928, mmoja wa watu watatu wa shaba ni mpagazi. Sanamu yetu ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, juu yake amesimama askari peke yake. Wapagazi wao wameachiwa jina la mtaa: Kariakoo, nako Nairobi ni Kariokor. Kila siku twanunua nyanya juu ya jina lao, na wengi wetu hatujui.

Kwa hiyo, ndugu zangu, safari au kazi ikikupeleka katika njia hizo, na dereva akiwa na nafasi, mwombe asimame. Soma kilichoandikwa. Kisha jiulize ni nani hakuandikwa. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za kubeba mizigo ya vita hivyo, kaa naye, uandike jina la babu huyo kabla halijapotea. Jiwe la kumbukumbu hujengwa kwa fedha za serikali. Jina huhifadhiwa hata kwa kalamu na daftari.